Mimba ya Kwanza ni Mali ya Serikali

Serikali ilipoingia katika shughuli ya kuzaa pale Juba, iliingia na viatu vyake, bila kupiga hodi. Sisi tulikuwa tumerudi kutoka Uganda baada ya amani kutangazwa, tumejibanza katika mtaa uitwao Juba na Bari karibu na mto, tunajifunza upya kuishi mahali ambapo waliobaki walituita watu wa Uganda, baada ya watu wa Uganda kutuita Wasudani miaka yote hiyo. Mimi nilidhani serikali mpya ina kazi za kutosha. Barabara zilikuwa mashimo matupu, chumvi ilikuwa hadithi, na mafuta ya taa yalikuja na tishari kutoka kaskazini siku tishari lenyewe likijisikia. Kumbe nilikosea. Wakubwa walikuwa wamekaa, wakafikiri sana, wakaona kwamba tatizo la nchi hii ni mama yangu.

Mama yangu alikuwa daya. Ndivyo Juba wanavyomwita mkunga wa nyumbani, yule asiye na cheti wala kiti ofisini, anayeitwa mtu akishikwa na uchungu. Kazi aliifundishwa na shangazi yake. Miaka yote ya ukimbizi alizalisha kambi nzima: wake wa vibarua wa pamba, wake wa askari, hata mke wa yule karani aliyekuwa akitupunja unga wa msaada. Hakulipiza kisasi kwa karani. Mimi ningelipiza.

Sasa msije mkadhani naanza kumsifu mama yangu na hekima za mababu, maana kuna watu wakishakula shahada wanapenda sana hekima za mababu, hasa za mababu wa wengine. Kule kambini watoto walikufa. Walizaliwa wazima, wakanyonya vizuri, halafu kabla kitovu hakijaanguka wakaanza kukakamaa, taya zikafunga, mgongo ukapinda. Wadogo zangu wawili walikwenda hivyo. Watu walisema ni jicho la mtu, wengine wakasema ni ndege aliyepita juu ya paa. Mama alizika wanawe, kisha kesho yake akaenda kumzalisha jirani, na wembe ni ule ule.

Basi nitampa Sista haki yake. Tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa mkunga wa hospitali, mtu wa kusini mwenzetu, amesomea kazi yake, mrefu, mkali, na soksi nyeupe mpaka magotini katikati ya vumbi lile. Alikuja mtaani akawakusanya madaya akawaambia kwamba ule ugonjwa wa kukakamaa unaingia kwa kitovu, kwa wembe mchafu, basi. Hakuna jicho, hakuna ndege. Mama alirudi nyumbani, akakaa kwenye kizingiti, chakula hakukigusa. Baadaye sana akasema, "Kumbe ni wembe." Siku hiyo sikufanya mzaha, na hata leo sifanyi.

Mzaha ulianza na mafunzo. Yalifanyika katika shule moja ya mtaa wa Atlabara watoto walipokuwa likizo, na wanawake waliokuwa bibi za watu walikalishwa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu. Sista alikuwa na mwanasesere wa kitambaa mwenye kitovu cha kamba. Kila alipofundisha alimlaza juu ya meza ya mwalimu, akaosha mikono, akafunga uzi, akakata. Mwanasesere yule alizaliwa mara nyingi kuliko mtu yeyote Juba, na hakulia hata siku moja, ndiyo maana wakubwa walimpenda.

Wanafunzi wake hawakuwa watu wa kalamu. Walishika kwa macho, na macho yao hayakuacha kitu. Waliona sabuni, wakashika sabuni. Waliona wembe mpya, wakashika wembe mpya. Na waliona kwamba mtoto wa serikali, siku zote, bila kukosa, huzaliwa mezani. Wakashika meza.

Walipohitimu kila mmoja alipewa aproni nyeupe na sanduku la bati lenye kipini, ndani yake sabuni, nyembe zilizofungwa kwenye karatasi, uzi, kibrashi cha kucha na sufuria ndogo ya kuchemshia. Mama alilipenda sanduku lile kuliko alivyowahi kunipenda mimi, na nasema bila wivu mwingi. Alilala nalo chini ya kitanda. Alilipangusa asubuhi na jioni. Aproni aliivaa mpaka sokoni kununua bamia, na wauza bamia wakaanza kumwita Daktari, naye hakuwasahihisha.

Kisha madaya wakarudi mitaani kutekeleza. Wanawake wa kwetu, tangu dunia kuumbwa, walikuwa wakizaa wamepiga magoti kwenye mkeka, wamemshika mwenzao shingoni. Sasa wakaambiwa panda. Panda wapi? Mezani. Ya nini? Ndivyo serikali inavyozaa. Lakini Juba na Bari nzima ilikuwa na meza ngapi za kubeba mtu? Kulikuwa na moja ya mchinja nyama, na yeye alikataa kabisa. Iliyobaki ilikuwa yetu.

Meza yetu ilikuwa ya mvule, nzito, marehemu baba aliinunua kule Uganda alipokuwa na kazi, na tuliporudi ilisafiri juu ya lori, miguu ikitazama mbinguni, mama amekaa katikati ya miguu hiyo kuilinda. Huo ndio ulikuwa urithi wetu wote. Sasa ukawa mali ya umma. Mtu akishikwa na uchungu, wanaume wawili walikuja kuichukua, wakaipitisha vichochoroni kichwani, na majirani wakiiona wanaulizana, "Meza imekwenda kwa nani leo?" Sisi tulikula chini. Ikirudi mama aliisugua kwa majivu, lakini mimi sikuweza tena kuweka sahani juu yake, roho ilikataa.

Na kupanda kwenyewe! Mwanamke yuko katikati ya uchungu, mume anamsukuma kutoka chini, dada anamvuta kutoka juu, daya anasimamia na aproni yake kama askari wa trafiki. Jirani yetu muuza chai, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuza fisi, alizalia juu ya meza ile mtoto wake wa tano. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuogopa kuzaa, ila siku ile aliogopa kuanguka.

Nilimuuliza mama, "Sista alisema lazima iwe meza?"

"Sista hapana sema," akajibu. "Sista nafanya. Wewe iko na macho?"

Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Uganda, kilichoshikwa hivyo hivyo kwa kusikia, na ndicho tulichozungumza nyumbani, kwa sababu baba na mama walitoka makabila mawili na hakuna aliyekubali kushindwa. Mimi nilisoma shule, nilikuwa na macho na maneno ya kutosha. Lakini kubishana na mtu mwenye sanduku la serikali ni kupoteza wakati.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Pamoja na sanduku ilikuja sheria: mimba ya kwanza haizalishwi nyumbani. Inakwenda hospitali. Daya atakayepokea mimba ya kwanza nyumbani, sanduku linarudi. Sababu ilikuwa nzuri, Sista aliieleza vizuri, mimba za kwanza zina ukaidi wake na hospitali ina daktari. Ila mimi ndiye niliyekuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu, karani wa mizigo bandarini, alikuwa amepanda na tishari kwenda kaskazini, akaniachia tumbo na ahadi ya tende. Na mama yangu, aliyepokea watoto wa kila mtu aliyekuja na kila aliyepita, akaniambia kwamba wa kwangu hawezi.

"Mimi iko daya ya serikali sasa," alisema. "Mimba ya kwanza ni ya hospitali."

"Utaingia nami ndani?"

"Ndugu hapana ingia. Ndugu nabaki kwa geti."

"Hata wewe? Na aproni yako?"

"Hata mimi. Na aproni yangu."

Niliudhika, na nilionyesha. Nilikuwa nimesikia habari za mle ndani kutoka kwa waliotoka: kitanda cha chuma, unalala chali peke yako, mtu usiyemjua anakuambia nyamaza. Sikuogopa kufa, ujana hauogopi kufa. Nilitaka mikono ya mama yangu, ndiyo tu, na nilitaka mtoto wangu aguswe na mikono ile kwanza kabla ya dunia nyingine. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wahenga hawakupata mafunzo Atlabara. Tulinuniana siku kadhaa, mimi nanuna, yeye anapangusa bati.

Suluhisho akalileta mwenyewe akiwa na furaha. Kulikuwa na sherehe ya kufunga mafunzo ya kundi la pili, palepale shuleni, na mkubwa mmoja atakuja kutoa hotuba. Mama amechaguliwa kuonyesha kazi mbele ya wageni, kwa mwanasesere. Meza ya shule imevunjika mguu, basi ametoa meza yetu. Na Sista ameahidi kwamba baada ya sherehe Landrova itapita kwetu kunichukua, nikae hospitali siku zilizobaki ningojee wakati wangu. Kila kitu kimepangwa. Kilichosahaulika ni kumwarifu mtoto.

Asubuhi ya sherehe niliamka na maumivu ya kiuno. Mama alinishika tumbo, akafikiri, akasema bado, mimba ya kwanza inatembea polepole, jioni gari litakuja. Alikuwa amechemsha nyuzi na kufua aproni. Wanaume wakachukua meza. Yeye akasimama mlangoni na sanduku mkononi, akanitazama, akarudi hatua moja ndani. Nikamwambia aende, na uso wangu nikaugeuzia ukutani ili ajue kwamba namwambia asiende. Akaenda.

Jua lilipopanda niligundua kwamba mimba yangu haikuhudhuria mafunzo. Ilikuwa haitembei polepole, ilikuwa inakimbia. Muuza chai alinikuta nimeshika mwimo wa mlango nimefumba macho. Hakuuliza mengi, mwanamke wa watoto watano haulizi. Akahesabu mambo kwa sauti: hospitali ni mbali, gari ni moja, gari liko Atlabara, mama yako yuko Atlabara, Sista yuko Atlabara. "Twende Atlabara tukapande gari," akasema, na hata mimi katika hali ile niliona kwamba ni maneno ya mtu mwenye akili.

Tukaenda kwa miguu. Uchungu ukija namshika shingo, tunasimama; ukipita tunaendelea. Watu wa Juba wana adabu, kila tuliyekutana naye alitusalimia kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za mume, mnakwenda wapi katika jua hili. Muuza chai aliwajibu wote, "Kwenye sherehe."

Sherehe ilikuwa imenoga. Walikuwa wamejenga kibanda cha matete kwa ajili ya kivuli, na wageni wamekaa kwenye viti, na madaya wapya na wa zamani wamepangwa pembeni katika weupe wao. Meza yetu ilikuwa mbele, imevikwa kitambaa, juu yake chupa za soda, jagi la maji ya mkubwa, na mwanasesere amelala katikati ya soda akingoja kuzaliwa. Mkubwa alikuwa anasoma hotuba. Alikuwa amefika mahali pa giza na mwanga: giza lilikuwa sisi. Akapandisha sauti akatangaza kwamba daya yeyote, narudia, yeyote, atakayezalisha mimba ya kwanza nje ya hospitali atanyang'anywa sanduku hadharani, serikali haina mchezo. Watu wakapiga makofi. Katika makofi hayo ndipo nilipoingia mimi, nimening'inia shingoni mwa muuza chai, nikinguruma.

Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Nilimsikia bwana mmoja akimwambia mwenzake kwamba safari hii wamejitahidi. Sista peke yake alielewa papo hapo. Alikuja mbio na soksi zake, akaniangalia mara moja, akaita gari. Gari halikuwapo. Dereva alikuwa ametumwa mjini kutafuta barafu ya soda za wageni.

Hapo madaya wakainuka. Nitawasifu kwa jambo moja, hawakusita. Waliinuka wote pamoja na kufanya walichofundishwa: wakaisafisha meza. Chupa za soda zikaruka, hotuba ya mkubwa ikapeperuka kurasa kwa kurasa, mwanasesere akatupwa kando asiyekuwa na faida tena. Wanne wakanikamata, mikono na miguu.

"Mnampeleka wapi?" Sista akauliza.

"Mezani."

"Mezani kufanya nini?"

Wakamtazama wakidhani anawapima. "Kuzaa, Sista."

"Nani aliwaambia watu wazae mezani?"

Kama nisingekuwa na shughuli nyingine, swali hilo ningelifurahia sana. Bibi mmoja mzee akasema kwa heshima, "Wewe, Sista. Kila siku."

"Nilimweka mezani ili waliokaa nyuma waone!"

Madaya wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anawapitisha moyoni wanawake wote aliowapandisha. Na wanawake wenyewe wengi walikuwa palepale, wamekuja kutazama sherehe, na muuza chai, huku amenishikilia, akaanza kutoa maneno ambayo mimi kama mtu niliyelelewa kanisani sitayaandika.

Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mwanasesere ameokotwa na yuko mikononi mwake. Nilimwona akilitazama sanduku lake. Lilikuwa limewekwa mstari wa mbele, limepanguswa mpaka linameremeta, mfano kwa wengine. Akamtazama Sista. "Gari?" Sista akatikisa kichwa. Akamtazama mkubwa, aliyekuwa anakusanya giza na mwanga wake mavumbini. Mimi nikasema, "Mama." Sikusema zaidi, sikuwa na pumzi.

Alimweka mwanasesere kwenye kiti cha mkubwa. Akafungua sanduku, akatoa sabuni, akachukua jagi la maji ya kunywa ya mheshimiwa akaosha mikono mpaka viwiko, akasugua kucha moja moja, bila haraka, kama alivyofundishwa. Walivuta mkeka kutoka chini ya miguu ya wageni. Nikapiga magoti. Muuza chai alinishika nyuma, wanawake wakatuzunguka wakafungua vitenge vyao vikawa ukuta. Nyuma ya ukuta huo, mkubwa aliendelea kusoma, maana hakuna aliyemwambia aache, na neno maendeleo lilinifikia mara kadhaa nikiwa sina namna ya kulipokea.

Binti yangu alitua mikononi mwa mama. Uzi ulikuwa umechemshwa asubuhi kwa ajili ya maonyesho. Wembe ulikuwa mpya, ulitoka kwenye karatasi yake mbele ya macho yetu. Hakuna hata jambo moja lililoachwa. Sista alikuwa amechuchumaa pembeni na hakutia mkono, alitazama tu, na nilimwona akifuta jicho kwa mgongo wa kiganja. Mtoto akalia. Vigelegele vikapasua lile banda.

Mkubwa alifurahi kuliko sote. Vitenge vilipoondolewa alisimama na kumtangaza mama yangu kuwa ndiye daya ambaye nchi inamhitaji. Akataka kumpa mkono, akaona hali ya mkono, akabadilisha nia. Kisha, kama mtu anavyouliza kwa kutaka kuongeza neno jema, akasema, "Na huyu ni mtoto wake wa ngapi?"

Muuza chai alishafungua mdomo kusema wa tatu. Ningesema hivyo na mimi. Uongo huo ungemdhuru nani? Lakini mama alikuwa na aproni mwilini, na aproni ile aliiamini.

"Wa kwanza," akasema. "Huyu binti yangu mimi."

Waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Mkubwa akaitazama karatasi yake, yenye alama ya kiatu cha mtu, akaona neno lake mwenyewe limemkodolea macho. Sista akasema, "Mheshimiwa, gari lilikwenda kutafuta barafu." Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba angekuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepokea kusingekuwa na kosa, basi ihesabiwe kwamba ni yeye. Mheshimiwa alionyesha masikitiko. Alikuwa mtu wa kusikitika vizuri. Lakini alikuwa ametamka hadharani, na sheria, akatukumbusha, ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nimeishi na sheria nyingi tangu hapo, na bado nangojea kuuona ule upande unaowakata waliotuma gari.

Sanduku lilichukuliwa kutoka mkekani, sabuni bado mbichi, likakabidhiwa msichana mmoja aliyehitimu na kundi la pili, ambaye alilipokea akiwa analia. Mama aliomba aoshe ule wembe kwanza. Wakamruhusu.

Landrova ilirudi na barafu. Soda zilikuwa zimevunjika karibu zote, basi barafu haikuwa na kazi, na mimi na mwanangu tulipelekwa hospitali tumelala kando yake, maji yakitutiririkia. Hospitalini walimkagua mtoto, wakakagua kitovu, wakasema kazi safi, nani amezalisha. Nikajibu serikali. Mama alirudi Juba na Bari kwa miguu, nyuma ya meza.

Sista alikwenda kumsemea kwa wakubwa zaidi ya mara moja. Aliambiwa suala linashughulikiwa, na nadhani bado linashughulikiwa. Wanawake walikuja kwetu kama zamani, na mama akawarudisha wote. Nilimgombeza. Nilimwambia nyembe zinauzwa dukani, sabuni inauzwa, sufuria tunayo, mikono ni ile ile, nani atajua? Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna mkufunzi aliyekikusudia. Walipomwambia kwamba ni wembe, yeye alisikia kwamba ni yeye. Miaka yote ile ya kambini, na wanawe wawili aliowazika, akasema, "Ni mikono hii." Lile bati ndilo lililosimama kati ya mikono yake na watoto wa watu. Bila bati aliiogopa. Mtu akimpa mtoto mchanga amshike, alikuwa anakwenda kwanza kunawa, na akirudi alimkataa.

Nilichukia siku hiyo. Nilimchukia mheshimiwa na barafu yake, na chuki hiyo sijaiacha, sioni sababu.

Mume wangu alirudi, bila tende, na baada ya muda nikapata mimba tena. Mimba ya pili sheria haikuikataza. Ningeweza kuzalia nyumbani kwa amani ya serikali. Akaitwa yule msichana mwenye sanduku, mtoto mzuri, mpole, kucha zake safi. Mama alifagia chumba, akachemsha maji, akatandika mkeka, akampokea kwa heshima zote na kumwonyesha mwanga unaingilia wapi. Msichana alipofungua sanduku, mama akatoka nje akavuta mlango.

Uchungu ukanikaza. Nilimwita. Nikamwita tena, kwa nguvu, na nilijua yuko palepale, nilikuwa nauona ukingo wa kitenge chake chini ya mlango.

"Mimi hapana sanduku, mwanangu," akajibu.